Maji ya Hekalu la Wachezaji

Nilijua nimeharibu pale tu vidole vyangu vilipogusa maji. Tulikuwa watano, kundi la ngoma kutoka Goma, na katika wiki zetu mbili za kucheza Japani ilibaki siku moja. Mama mwenyeji wetu, ambaye namshukuru Mungu alijua Kifaransa, alitupeleka kwenye hekalu dogo la wasanii, limebanwa katikati ya nyumba za watu, dogo kuliko sakristia ya parokia yetu. Lilizungukwa na vibao vyekundu, na kila kibao kina jina la mwimbaji, mwigizaji au mchezaji anayeombewa kazi yake iende vizuri. Mlangoni palikuwa na beseni la jiwe lenye maji, na kata za mwanzi. Mgeni huchota akanawa mikono. Mimi, Mkatoliki wa kuzaliwa, nilichovya vidole nikafanya ishara ya msalaba.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilimwomba mwenyeji msamaha kwa kuchafua maji yao, naye akacheka taratibu.

"Anayeheshimiwa hapa naye hakuwa na adabu sana," alisema.

Akanisimulia. Zamani jua lilikasirika, likajificha pangoni, dunia nzima ikawa giza. Miungu wakabembeleza wee, wapi. Ndipo mmoja wao, mwanamke, akapindua pipa, akapanda juu yake akacheza kwa vishindo mpaka wenzake wote wakavunjika mbavu. Jua likachungulia kuona wanacheka nini, na mwanga ukarudi.

Hadithi hiyo niliipenda, na naipenda hadi leo. Nacheza tangu nina miaka sita, na popote nilipocheza kuna mtu aliyeniuliza nitaacha lini ili niolewe. Hapa mchezaji alijengewa nyumba. Nikafanya kama mwenyeji alivyonionyesha: nikainama mara mbili, nikapiga makofi mara mbili, nikainama tena. Mwenzangu mmoja alikuwa akirekodi yote kwa simu.

Video ilifika Goma kabla yangu. Nilipovuka mpaka kutoka Gisenyi, upande wa Rwanda, mama wote wa kwaya walikuwa wameiona, tena kipande cha kuinama peke yake. Mimi ndiye ninayewafundisha wasichana wanaocheza mbele ya altare, na Jumapili ilikuwa sikukuu ya parokia. Kamati ya akina mama ilikata shauri haraka: aliyeabudu sanamu asiwaguse watoto mpaka padri aamue. Wawili kati ya wasichana hao walikuwa wakija mazoezini kwa miguu kutoka Kanyaruchinya, mbali nje ya mji. Walikuta mlango wa ukumbi umefungwa, wakarudi.

Nilikasirika sana, lakini hasira ya kamati niliiweza. Niliyemwogopa ni mama yangu. Ameimba kwaya miaka mingi kuliko umri wangu. Alinipokea, akanichemshia maji ya kuoga, akanipakulia maharagwe, na juu ya video hakusema neno. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikakaa nausubiri huo mshindo. Niliamini ananionea haya.

Ijumaa padri aliniita.

"Lete video yote," alisema. "Hapana kile kipande."

Mwenzangu alikuwa amenitumia yote; nilimpa padri simu kwa shingo upande, maana mwanzo wake ndio ulionionyesha nikiharibu maji ya watu. Padri alitazama. Alipofika kwenye ishara ya msalaba alirudisha nyuma, akatazama tena, akavua miwani afute machozi ya kicheko.

"Sasa ulienda kubariki maji yabo?"

"Nilisahau niko wapi, padri."

"Na pale unainama, uliomba nini?"

"Sikuomba. Nilisema tu aksanti, juu kuko fasi moja hapa duniani banaheshimu bachezaji."

Akanirudishia simu.

"Jumapili batoto banacheza. Utabatayarisha weye mwenyewe."

Roho ilitulia. Nilisimama niende.

"Mama yako alikuya hapa jana," padri aliongeza. "Alisema kama kamati inakatala mutoto yake, na ye anarudisha pagne ya chorale, ile kitenge yake, haimbe tena."

Nilitembea mpaka nyumbani nikijifuta uso kwa kiganja. Mama alikuwa uani anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Padri anasema nini?"

"Batoto batacheza, mama."

"Bon." Akatupa jiwe dogo pembeni. Kisha akaniona. "Unalia nini sasa?"

Aliweka ungo chini.

"Ulizania nitakutupa?"

Nilikuwa nimedhania hivyo siku tatu nzima, ndani ya nyumba yake, huku nikila chakula chake. Jumamosi nilienda kuungama, na dhambi niliyoitaja kwanza ilikuwa hiyo.