Saa Moja na Nusu au Saa Mbili na Nusu

Kule Bukavu, mashariki mwa Kongo, nilifundisha jiografia miaka kumi na moja, na katika jiografia yote somo nililolipenda ni lile la masaa: kwa nini jua likiwa utosini kwetu, kwingine watu wamelala. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, hakuna aliyenihitaji kwa jambo hilo, kwa hiyo nashona. Mke wangu ndiye fundi; mimi naweka vifungo na kupinda suruali. Lakini karibu kila nyumba kambini ina mtu wake aliyepelekwa mbali, Kanada, Norwe, Australia, na mtu huyo akisema atapiga simu saa fulani ya kwao, kuna mtu wa huku anayekuja kwenye cherehani yetu kuniuliza saa hiyo ni saa ngapi. Najibu. Kwa miaka mingi nilijibu sawasawa, na nikaanza kulizoea hilo kuliko inavyofaa.

Jirani yetu wa upande wa bomba la maji ni mzee wa Kindu, Mwislamu, aliyekuwa akifanya biashara ya mafuta ya mawese na sasa anauza nyanya na vitunguu. Alimlea binti wa marehemu kaka yake tangu binti huyo akiwa na miaka minne. Binti alipofika kumi na saba, faili ya shangazi yake ya kupelekwa ng'ambo ilipita, na jina la binti lilikuwa limeandikwa humo, basi wakaenda pamoja Australia, mji wa Adelaide. Faili ya mzee ilibaki mezani kwa watu. Iko huko mpaka leo.

Mwezi wa tisa mwaka jana mzee alikuja, akaketi kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyeleta nguo ambayo haijulikani itashonwa vipi. Halafu akasema kwamba binti anaolewa, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi, saa kumi alasiri ya kule. Kwa kuwa baba wa binti ni marehemu, walii, yaani msimamizi wa kumwoza, ni yeye, na bila walii hakuna nikaha. Sheikh wa Adelaide alikuwa amemweleza kwamba anaweza kumteua mtu wa hukohuko amwakilishe, na mambo yaishe bila shida. Mzee alikataa.

"Nilimulea mi mwenyewe," aliniambia. "Sitatuma mutu aseme maneno yangu."

Alichotaka kwangu ni saa tu.

Nilichukua karatasi ya kukatia kola. Kazi hii ina njia yake: saa ya mahali unaigeuza kwanza kuwa saa ya dunia yote, ile inayoandikwa UTC, kisha unaitoa hapo kwenda mahali pako. Adelaide iko mbele ya saa ya dunia kwa masaa tisa na nusu. Ile nusu iliwahi kuwashinda wanafunzi wangu wengi, na nilifurahi kuikuta tena. Saa kumi alasiri ni 16:00; ukitoa tisa na nusu unabaki na 6:30; ukiongeza masaa mawili ya Malawi unapata 8:30. Nikamwambia mzee: saa mbili na nusu asubuhi. Kesho yake, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuhakikisha, tulimpigia binti na kumuuliza kwao ni saa ngapi wakati uleule. Akatuambia. Hesabu ilikubali, pamoja na nusu yake.

Siku chache kabla ya harusi, binti alituma kiungo cha kuingilia kwenye mkutano wa video. Chini ya kiungo, kwa herufi ndogo, mashine ilikuwa imeandika 05:30 UTC. Mimi nilikuwa na 6:30. Ukifuata ya mashine, nikaha ingekuwa saa moja na nusu yetu, si saa mbili na nusu.

Nilirudia hesabu mara tatu, na mara zote tatu ni mimi niliyekuwa sahihi. Nilifikiria hata ile saa ya majira ya joto, maana nchi nyingine husogeza saa mbele jua linapozidi na kuirudisha baadaye. Tuliijua Bukavu kwa sababu taarifa ya habari ya Ulaya ilikuwa inatuhama redioni mara mbili kwa mwaka. Lakini Ulaya inaingia kwenye saa hiyo mwezi wa tatu na kutoka mwezi wa kumi. Nikasema mwezi wa kumi si wakati wa kuingia, ni wakati wa kutoka, kwa hiyo mashine imekosea. Niliyaandika hayo nikiwa Dzaleka, kusini mwa ikweta, mwezi wa kumi ukiwa umeanza, jasho likidondoka kwenye karatasi.

Mke wangu alisikiliza maelezo yote huku akitunga uzi sindanoni.

"Baba wa batoto," alisema, "muende ile saa ya mbele, saa moja na nusu. Kungoja haiue mutu."

Nilimweleza kwamba hilo lingekuwa sawa na kukubali kosa. Akaendelea kushona.

Mzee hakutaka kufanyia jambo hili kambini. Jumapili asubuhi makanisa yetu yote yanatuma nyimbo zao kwa wakati mmoja na mtandao unalala. Idi iliyopita picha yake iliganda mdomo ukiwa wazi, na binti alikaa akiutazama mdomo huo mpaka simu ikakatika. Kwa hiyo tuliomba kibali cha kutoka kambini, tukakipata Ijumaa, na Jumamosi tukapanda kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, hadi barabara kuu na basi dogo hadi Lilongwe. Tulifikia mtaa wa Chinsapo, kwa mama mmoja wa Kindu anayeuza chapati, ambaye kwao na kwao mzee wanajuana. Alikuwa ametundika shuka nyeupe ukutani, ameweka maua ya plastiki na kiti chenye mikono. Kanzu ya mzee ilipigwa pasi, ikatundikwa juu ya mlango, na kila aliyepita aliinama.

Asubuhi, saa moja na robo, tulikuwa tumeshakunywa chai. Nilimtazama mzee, nikaona nywele zake zimejaa masikioni. Nikamwambia tuna zaidi ya saa nzima, twende kwa kinyozi. Nilimshauri pia azime simu, betri isipungue kabla ya wakati. Haya yote nilimshauri mimi.

Kinyozi alikuwa Mmalawi, na kibanda chake kilikuwa mwendo wa robo saa juu ya njia. Watu wawili walikuwa kwenye benchi wakisubiri kunyolewa kabla ya kanisa. Walimpisha mzee kwa sababu ya umri wake. Alikuwa amevaa fulana. Kanzu tuliiacha nyumbani isiingie nywele. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akaanza upande wa kushoto.

Saa mbili kasoro dakika kumi, simu yangu ndogo ya kubonyeza ikalia. Alikuwa mke wangu, kutoka Dzaleka.

"Muko wapi?"

Nikamwambia tuko kwa kinyozi.

"Mutoto ameshavaa," alisema. "Iko anakaa mbele ya batu bote, simu ya mzee imefungwa. Amenipigia mi, analia. Ilikuwa saa moja na nusu."

Hakusema kwamba alikuwa ameniambia. Angesema, ningepata nafuu.

Nilimgeukia mzee. Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha, wa kulia ulikuwa haujaguswa. Nikamwambia kwamba saa ilikuwa ile ya mashine, kwamba kosa ni langu, kwamba tukikimbia tutafika kwenye shuka na kiti baada ya dakika kumi. Mzee alinitazama kupitia kioo cha kinyozi. Nilingoja anitukane, na ningempa muda wote aliouhitaji.

"Washa simu," alisema.

Simu yake inaamka kama mtu mwenye homa. Ilionyesha nembo, ikazima, ikaonyesha tena. Kinyozi alizima mashine ya kunyolea, kisha redio, ingawa hakuna aliyemwambia kitu. Nadhani alituona nyuso. Nilimweleza kwa Kichewa changu kibovu kwamba huyu mzee anamwoza binti yake sasa hivi, aliye Australia. Alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa, akasogeza chupa za spiriti zisionekane.

Picha ikafunguka. Ukumbi ulikuwa mkubwa, umejaa watu, na binti alikuwa karibu kabisa na kamera, wanja umemtiririka mpaka shavuni. Alimtazama mzee kichwani, upande hadi upande. Mzee naye alimtazama. Nyuma ya mzee palikuwa na bango la mitindo ya nywele, vichwa ishirini vya vijana, kila kimoja na namba yake.

"Baba," binti alisema, "umenyoa upande mumoja."

"Njo kwanza nilikuwa naanza," mzee akamjibu.

Sheikh aliketi, akaiweka sawa kofia yake. Alikuwa anahema kwa nguvu, nami nikajua kuwa ni hasira, na kwamba hasira ile ni yangu. Akauliza kama mzee yuko mahali penye utulivu. Mzee aligeuka, akawatazama watu wa kwenye benchi. Mmoja wao akavua kofia. Mzee akajibu kuwa ndiyo.

Simu ilikuwa inapanda na kushuka mkononi mwa mzee. Kinyozi akaichukua simu, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, akasimama hivyo mpaka mwisho. Mzee akayasema maneno kwa sauti ya kawaida, polepole, bila kukosea: kwamba amemuoza binti yake huyu kwa kijana huyu, kwa mahari waliyokubaliana. Kijana akajibu kwamba amekubali. Dua ikasomwa. Mzee alijipangusa uso kwa kitambaa cha kinyozi, akabaki na nywele zake mwenyewe kwenye mashavu, na hivyo ndivyo alivyo kwenye picha zote za harusi ambamo skrini ya ukumbini inaonekana.

Kabla ya simu kukatwa, shangazi wa binti alinieleza bila kuulizwa. Usiku ule kuamkia Jumapili, Adelaide yote ilikuwa imesogeza saa mbele kwa saa moja. Kwao ndiyo kwanza majira ya joto yanaanza, alisema, kama huko kwenu. Tisa na nusu ilikuwa imekuwa kumi na nusu. Nilimshukuru.

Kinyozi alimaliza upande wa kulia. Mama wa chapati, tulipomrudia, alitutazama, akaitazama kanzu juu ya mlango, akatukaribisha chakula. Mzee aliivaa kanzu hiyohiyo kula nayo, kwa kuwa ilikuwa imeshapigwa pasi.

Wiki nzima sikushona kitu kilichonyooka. Watu walikuja kuuliza masaa, nikawaambia wamuulize mke wangu, na yeye akawa anawajibu kwa kutazama simu. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa mzee, nikamwomba aniwekee binti kwenye simu nimwombe radhi mwenyewe. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Binti alinisikiliza mpaka nusu.

"Mwalimu, hakuna kitu uliharibu," alisema. "Sheikh naye alichelewa. Saa ya gari yake ilikuwa haijageuzwa. Tulimpigia, akaingia mbio wakati baba alikuwa anawasha simu. Baba anajua. Nilimuambia siku ileile."

Nikamgeukia mzee. Nilimuuliza kwa nini aliniacha wiki nzima bila kuniambia. Alikuwa anapanga nyanya, kubwa mbele, ndogo nyuma.

"Nilisahau," alisema, akaendelea kupanga.