Tanzania Isiyoshindwa Vita

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuiandikia Tanzania miaka mia tatu ya mbele bila kushindwa vita hata moja.

Nilikuwa nimeanza kucheza michezo ya vita vya anga za juu, ile inayochezwa mezani kwa ramani ya nyota, dadu na vikosi. Hakuna aliyenifundisha. Nilipakua vitabu vya kanuni kwenye simu, nikavisoma kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nikachora ramani kwenye maboksi na kupaka rangi vizibo vya soda viwe meli. Kizibo kikichafuka kidogo pembeni, nilikikwangua chote na kuanza upya. Ndivyo nilivyo, na si jambo la kujisifia.

Kila kitabu kilikuwa na historia yake ya kubuni, ya kueleza binadamu walifikaje kwenye nyota na kwa nini wanapigana huko. Baada ya kusoma kadhaa niliona kwamba kila mwandishi amepeleka watu wa kwao kwanza. Vya Waingereza vilikuwa na wafalme na manahodha wanaokunywa chai kwenye sayari za mbali. Vya Wamarekani, Wamarekani waliiokoa dunia, wakati mwingine mara mbili. Sisi nilitukuta mara moja tu, katika sentensi moja: meli za kwanza zilirushwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa iko karibu na ikweta. Tulikuwa uwanja. Hata mfagiaji wa uwanja hakutajwa.

Niliona wivu wa ajabu, wivu wa kumwonea mtu ambaye hajui kama upo. Nikaanza kuandika historia yangu. Ndani yake Tanzania ilifika mwezini, ikafika kwenye nyota, ikapatanisha mataifa, na kila aliyeichokoza alijuta.

Tulikuwa tunacheza Jumapili mchana Manzese, kwenye stoo iliyo nyuma ya duka la vyombo vya plastiki. Duka ni la familia ya rafiki yangu, Waarabu wanaofanya biashara hapo tangu enzi za babu yao, na meza yetu ilikuwa mbao iliyolazwa juu ya matangi mawili ya maji. Baadaye akajiunga jamaa mmoja anayekaa Madale, Mnyamwezi. Mimi ni Mzaramo, kwa hiyo kabla hatujajuana vizuri tulikuwa tayari watani. Mnyamwezi anaweza kuja kwenye msiba wetu akamsema marehemu kwa ulafi wake, na wafiwa wakacheka. Hukasiriki. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu.

Ikawa wachezaji wenzetu wa Temeke wanakuja Idi pili kucheza nasi pambano kubwa. Yule rafiki yangu mwenye duka akasema tunahitaji historia moja itakayosomwa mwanzoni, wageni wajue nani anapigana na nani. Hicho ndicho nilichokitaka kuliko kitu chochote mwaka ule: historia yangu isomwe mbele ya watu. Nikawasomea.

Mtani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mzaramo, kwenye hii nchi yako umeme haukatikagi?"

"Haukatiki. Ni miaka mia tatu ijayo."

"Na hakuna hata mtu mmoja anayechelewa kazini?"

"Hakuna."

"Basi hao sio sie. Hao umewatoa wapi?"

Mwenye duka alicheka akashika mbao. Mtani akaanza kusimulia ya kwake, papo hapo, huku anakula karanga. Adui anakuja, meli zetu mia ziko tayari, mafuta yamejaa, lakini haziwezi kuruka kwa sababu mgeni rasmi wa kukata utepe hajafika. Kwaya imeshaimba mara tatu. Adui anaingia, anakuta viti na maturubai, anakaribishwa soda kwa kudhaniwa ndiye mgeni rasmi. Anakata utepe. Meli zinaruka, na yeye ndani.

"Braza, hiyo hiyo!" mwenye duka akasema, anafuta machozi. "Hiyo ndo tutasoma. Iandikwe."

Mimi nilikuwa nimekesha na yangu miezi. Yeye hakumaliza hata karanga.

"Nipe mie niiandike vizuri," nikasema. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejitolea, na nusu yangu iliamini hivyo. Nyumbani niliinyoosha. Kwaya niliitoa, haikuwa na umuhimu kivita. Soda niliitoa. Mgeni rasmi akawa "changamoto za kiutaratibu zilizochelewesha kuondoka kwa kikosi." Kila nilipofuta kichekesho nilijiambia nasahihisha. Nilikuwa naua.

Idi pili stoo ilijaa wageni na sahani za pilau kutoka kwa mama yake mwenye duka. Nikasoma. Hakuna aliyecheka. Jamaa mmoja wa Temeke alimuuliza mwenzake kwa sauti kama hii ni hotuba ya bajeti. Nilipoinua macho nilimwona mtani ananitazama, na nikajua amejua.

Hakunigombeza. Alinyoosha mkono mezani, akazoa meli zangu zote akazitia kwenye kofia yake.

"Nimechukua," akasema. "Kwenu mnajua taratibu. Mtani akichukua, mnakomboa."

Watu wakapiga makofi. Nikauliza, "Nikomboe kwa kitu gani?"

"Kaa chini. Tanzania yako niachie mie."

Akasimulia upya. Sasa kwaya iliimba mara tano, na mshereheshaji alikuwa Mzaramo aliyekataa kuachia kipaza sauti hata mabomu yakianguka. Wageni walilala juu ya matangi kwa kucheka. Ilipofika zamu ya kuchagua nchi, Temeke wawili waligombania Tanzania. Tanzania! Ile iliyoingiliwa na adui kwa sababu ya utepe. Mmoja akauliza nani kaitunga, nami nilifungua mdomo, Mungu anisamehe, lakini mwenye duka alikuwa ameshamnyooshea mtani kidole.

Jioni tulipokuwa tunakunja ramani nilimuuliza mtani kama haoni uchungu kuisema nchi yake vile.

"Naona," akasema. "Ila yako mie nisingeichezea. Imeshashinda. Nikaifanyie nini?"

Nilirudi kwenye vile vitabu vya wageni na kuvisoma tena, sasa nikitafuta mahali wanaposhindwa. Palikuwa pengi. Wafalme wao wanasalitiwa na ndugu zao, miji yao inateketea, manahodha wao ni walevi. Sikuwa nimeyaona kwa sababu nilikuwa nahesabu bendera tu. Wanaweza kuichoma nchi yao katika kitabu kimoja kwa kuwa wanajua ipo salama katika vingine vyote. Sisi tulikuwa na sentensi moja, na mimi niliogopa kuitia hata doa. Hapo wivu wangu ulizidi badala ya kupungua: wamewezaje kupata nafasi ya kushindwa?

Siku hizi tunacheza kwa utaratibu mwingine. Hakuna anayeandika historia ya nchi anayoichezea. Anaiandika mtani wake. Ya Tanzania anaandika Mnyamwezi wa Madale, mimi nikiandika ya Wakenya, na mwenye duka, kwa ombi lake mwenyewe, anawaandikia Waingereza. Bado namwonea wivu mtani wangu. Akisimulia vizuri, moyo unaniuma kama siku ile. Tofauti ni kwamba maneno yake nayaandika yalivyo, na kabla sijafuta hata moja nampigia simu kumuuliza.