Faini za Shemeji

Fundi bomba hakuwa mtu wa mchezo na kazi. Akishakaza bomba chini ya sinki la mtu, hupapasa kila kiungio kwa kidole kikavu, asiondoke mpaka aridhike. Mtu makini hivyo, halafu gari lake akamwachia shemeji yake.

Angefanyaje? Huyo ni mdogo wa mkewe, na alipofika ugenini hakuwa na karatasi za kusajili hata baiskeli. Kwao ndugu hanyimwi ufunguo. Basi wikendi, fundi akinyoosha mgongo, shemeji alisambaza vifurushi. Aliegesha popote, akakimbiza gari kama mwizi. Faini alizozikuta kwenye kioo cha gari alizichana. Zilizopita posta zilienda kwenye chumba walichokwisha kuhama.

Siku ya mahojiano ya uraia, fundi alivaa suti ya harusi yake. Bila uraia asingeweza kumleta mkewe, ambaye kwa miaka alimwona kwenye simu tu. Alikula kiapo cha kusema kweli, akaulizwa na afisa kama ana faini ambayo hajalipa.

"Sina, mama."

Afisa akamgeuzia kompyuta. Faini zilijaa kioo kizima.

"Gari alikuwa nalo shemeji yangu."

"Gari ni la nani?"

"Langu."

"Faini utalipa. Lakini umeapa kwamba huna, na hapo siwezi kukusaidia. Utaomba upya baada ya miaka mitano."

Nyumbani alimkuta shemeji kajilaza kwenye kochi. Yeye aliapishwa uraia mwaka jana, bila doa, maana hakuna kitu kilichowahi kuandikwa kwa jina lake. Ukisikia watu wana bahati ya bure, ndio hao.

"Pole, shemeji. Nitalipa mimi," alisema baada ya kusimuliwa.

"Lipa. Na hiyo miaka mitano utanilipaje?"

Simu ikaita. Ni mkewe, alikuwa akisubiri habari tangu asubuhi.

"Usimwambie dada, tafadhali," shemeji akanong'ona.

Fundi akamsukumia simu. "Mwambie wewe, raia."

Shemeji akaipokea. "Dada, wamemkatalia. Gari lake lina faini, hakulipa." Akairudisha simu upesi kama inamuunguza.

Mkewe akasema taratibu, "Mimi nazeeka huku nakungoja, mume wangu, wewe unashindwa kulipa faini?"

Fundi aliinua macho amtafute wa kumsemea. Shemeji alishatoka, na ufunguo wa gari haukuwepo mezani.