Maiki Iliyovishwa Gauni

Mdogo wake fundi alifuta sauti ya dada yake kwenye video akaweka ya kwake mwenyewe, wala hakumwambia. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna namna ya kulisema jambo hilo likawa tamu. Masomo yote ya ushonaji yaliyokuwa yakizunguka mtandaoni, ya kola, ya zipu ya kuficha, ya kukata blauzi bila kupoteza kitambaa, yalikuwa na mikono yake yeye fundi na maneno yake yeye fundi, neno kwa neno, lakini mdomo ulikuwa wa mdogo wake. Hata mizaha ilichukuliwa. "Usibane kwapani, mwenye nguo anataka kupumua," alizoea kusema, na sasa mzaha huo ulisemwa na mtu asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano bila kujichoma.

Fundi alilijua jambo hilo kupitia kwa mteja. Mama mmoja aliyeleta gauni la kupunguza alivikodolea macho vidole vya fundi alipokuwa akipimwa kiuno, akaliona kovu la pasi chini ya kidole gumba, lile linaloonekana kwenye video, akafurahi.

"Kumbe wewe ndiye mikono ya Mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Yule dada wa video. Anaeleza vizuri jamani, hata mimi nisiyejua kushika mkasi nimeelewa. Basi wewe ni msaidizi wake."

Fundi, pini mdomoni, aliendelea kupima. Mteja akatoka na habari yake mbichi, na haukupita muda mtaa mzima ukawa unamwita Mikono. Mikono, suruali yangu iko tayari? Mikono, una zipu nyeusi? Aliitika. Angefanya nini, na wateja ni wateja.

Alimpigia mdogo wake simu. Fundi mwenyewe hakusoma, na mambo ya ukurasa wa mtandaoni aliyaacha yote mikononi mwa huyo mdogo wake.

"Dada, usinielewe vibaya," mdogo mtu alisema, kwa ile sauti yake iliyopakwa mafuta. "Tatizo lilikuwa sauti. Ilisikika kama uko ndani ya pipa. Watu walikuwa wanalalamika, nikaona nikusaidie."

"Ukanisaidia kwa kunifuta."

"Nimesaidia masomo yaende. Ungekuwa na sauti nzuri ningekuachia, Mungu ananiona."

Mama yao alipopelekewa mashtaka hakuchelewa kukata hukumu. "Nyinyi ni tumbo moja. Sauti yake, sauti yako, tofauti iko wapi? Mwachie mdogo wako." Wimbo huo fundi aliimbiwa tangu walipokuwa wakigombania shuka.

Lakini neno moja lilimkaa kooni: ungekuwa na sauti nzuri ningekuachia. Haya. Kama shida ni sauti, sauti itatafutwa.

Alikwenda kwenye duka la vifaa vya simu akaomba maiki nzuri ya bei anayoiweza. Muuzaji akamtolea moja ndefu, nyembamba, yenye matundu membamba ubavuni kama matamvua ya samaki. Akaimwagia sifa. Hii inasikia mbele tu, mama. Kelele za pembeni inazitupa. Mtu hata akiwa ng'ambo ya barabara, mwelekezee, utamsikia anavyomeza mate.

Aliipachika juu ya simu. Simu akaisimamisha kule mlangoni, mbali, ili meza yote ionekane, kama mdogo wake alivyomfundisha. Chumba nacho akakiondolea kila kitu, kwa sababu sheria ya mdogo wake ilikuwa picha safi: nguo za wateja zipelekwe chumba cha nyuma, marobota ya vitambaa yaondoke, mapazia yashushwe, ubaki ukuta mweupe na vigae vinavyong'aa. Akasomesha somo la kola tangu mwanzo mpaka mwisho, jasho likimtiririka. Akaweka vifaa vya masikioni, akasikiliza.

Pipa lile lile. Na ndani ya pipa, gereji ya pikipiki ya jirani.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alichukua maiki akaigeuzageuza kama nguo iliyoshonwa vibaya, akitafuta palipolegea. Akayaona yale matundu ubavuni. Ahaa. Kelele zinapenya humu, na mjinga aliyeitengeneza kaacha wazi. Akakata kitambaa kizito kwa mshazari, akatia bitana, akatia gamu, kile kitambaa cha kukazia kola, akaishonea maiki gauni la kubana kuanzia shingoni hadi mkiani, mdomo tu ndio ukabaki nje. Mshono haukuonekana hata kwa kutafuta. Alilitazama akaridhika nalo kuliko nguo nyingi alizowahi kulipwa.

Akarekodi tena. Sasa pikipiki zilikuwa kama zimeegeshwa mezani. Alisikika kila mpita njia, akasikika muuza mkaa, akasikika kuku. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kutafutwa.

Aliitupa maiki kwenye kikapu cha vipande akafungua mlango, na hapo akaingia mpiga video wa harusi, mtu wa kitambi, amekuja kuongezewa kiuno cha suruali kwa mara nyingine. Akaiona maiki kikapuni.

"Fundi, nani kafa? Mbona umeivisha sanda?"

"Si sanda. Ni gauni, lina bitana."

"Bitana." Mpiga video alitafuta kiti akakaa, maana kicheko kilimwelemea. "Samahani. Ni zuri. Hata mke wangu hana la namna hii."

"Ukimaliza kucheka unipe hiyo suruali."

"Sikiliza, dada yangu. Hayo matundu ndiyo maiki yenyewe. Kelele za ubavuni zikipitia humo zinauana zenyewe kwa zenyewe. Ukiyaziba inakuwa maiki ya kawaida, inampokea kila anayebisha hodi."

"Muuzaji alisema inasikia hata ng'ambo ya barabara."

"Muuzaji anauza. Hakuna maiki inayovuta sauti ya mbali, iwe hii ya bei nafuu iwe ya bei ya kuuzia kiwanja. Kazi yake ni kuchagua upande. Simu iache hapo mlangoni ipige picha, lakini maiki ije kwako kwa waya mrefu, juu ya kichwa chako, ikutazame kifuani." Kisha akainuka, akapiga kofi moja katikati ya chumba. Kofi likazunguka kutani likarudi. "Umesikia? Chumba kinakujibu. Mahali kama hapa hata maiki ya dhahabu itakusemea kwenye pipa. Vitambaa vyako viko wapi? Fundi gani wa nguo ana chumba kitupu kama hiki?"

"Mdogo wangu alitaka picha safi."

"Basi kakusafishia na sauti."

Alilisema kwa mzaha, akachukua risiti ya suruali akaondoka. Fundi alizitazama kuta tupu. Huyu mtu aliyemwambia sauti yake mbaya ndiye huyo huyo aliyeagiza chumba kiondolewe kila kitu kilichokuwa kikiumeza mwangwi. Hakutaka kusema ilikuwa makusudi. Mdogo wake hakujua, kama yeye naye alivyokuwa hajui. Lakini mtu aliyekosea huomba radhi, hachukui kiti cha mwenzake akakikalia.

Akaanza kurudisha. Marobota yakapangwa kuta zote ambazo simu haizioni, nguo za wateja zikatundikwa kwa wingi nyuma ya simu, blanketi likatandikwa chini ya meza. Gauni akalifumua, akairudishia maiki sponji yake ya kuzuia upepo, akaiunganisha na simu kwa waya mrefu. Akachukua mpini wa fagio, akaifunga maiki nchani, akaufunga mpini juu ya kabati la nguo ili ncha yake ije mbele ya paji la uso wake. Ukaanguka. Akaufunga tena, ukaingia kwenye picha kama nyoka wa darini. Akaupandisha. Kila alipouweka mkasi mezani, maiki ilisikia kishindo, kwa kuwa kabati na meza vilikuwa vimegusana. Akavisogeza, kisha akaitundika maiki kwa mpira wa kiunoni, ule wa sketi za shule, ikawa inaelea. Feni akaizima. Cherehani nayo ilibidi inyamaze wakati wa maneno na iseme wakati wake. Alimtukana muuzaji, akalitukana fagio, akamtukana aliyevumbua vigae.

Kisha akasema somo la kola. "Usikivute kitambaa. Kisindikize tu, kinajua kinakokwenda."

Aliposikiliza, hakukuwa na pipa. Pikipiki zilikuwa huko huko kwao gereji. Palikuwa na mkasi ukila kitambaa, na sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye mkwaruzo kidogo, isiyo na haraka. Akairudia. Akairudia tena, akakasirika upya kwa kuwa ilikuwa nzuri, na ingeweza kuwa nzuri siku zote.

Rekodi hiyo aliipeleka yeye mwenyewe kwa mdogo wake, kwa miguu yake, akamvalisha vifaa vya masikioni kama anavyovalisha mteja koti. Mdogo wake akasikiliza, macho chini.

"Imetoka vizuri," alisema mwishowe.

"Basi iweke."

"Dada, watu wameshazoea sauti yangu. Nikiweka hii wataniuliza huyu ni nani."

"Waambie."

"Niwaambie nini, kwamba siku zote..." Akaliacha neno njiani. "Wataniona mwongo."

"Kwani wewe unajionaje?"

"Ulikuja kwa habari ya sauti au kunitukana?"

"Wewe ndiye uliyesema sauti mbaya."

"Ilikuwa mbaya. Sasa hili si suala la sauti tena, elewa." Akavua vifaa vya masikioni, akalainika ghafla kama kawaida yake. "Tusigombane. Jumamosi nije tupige ile ya marinda? Watu wanaiulizia sana."

"Njoo," fundi alisema. "Uje na mikono yako."

Jumamosi mdogo wake hakuja, na somo la marinda halijatoka. Ya zamani yako pale pale mtandaoni, mikono ya mmoja na mdomo wa mwingine, na watu wanaendelea kumshukuru Mwalimu. Mdogo wake anadaiwa sentensi moja, aiseme mbele ya wote waliomsikiliza, kwa sauti ile ile aliyosemea maneno ya mwenzake: kwamba masomo haya ni ya dada yangu, nami nilimfuta. Hajaisema. Mama, alipofuatwa tena, aliahidi atazungumza naye. Naye hajazungumza.