Maji ya Majivu

Harufu ya maganda ya ndizi yanayoungua hunirudisha nyumbani kwetu, kijijini karibu na Butiama, katika miaka ambayo sabuni iliadimika hadi watu wakaisahau harufu yake. Mama hakutupa kitu. Maganda aliyakausha juu ya paa, akayachoma, kisha majivu yake akayatia katika chungu kilichotobolewa kitako na kutandikwa nyasi. Maji aliyoyamimina juu yalitoka chini tone kwa tone, mekundu kama chai ya rangi. Hayo ndiyo yaliyolainisha mboga zetu na kufua nguo zetu. “Akiba haiozi,” alisema, nami nikiwa mtoto niliuchukia msemo huo kwa kuwa ulinukia umaskini.

Desemba 1982 tulikwenda Bunda kuazima kwa shangazi sare ya binti yake aliyemaliza shule: blauzi nyeupe na sketi ya buluu. Kitambaa hakikupatikana dukani, na bila sare nisingepokelewa. Shangazi alinipima kwa macho, akacheka. “Wifi, huyu ana miaka kumi! Akikaa darasa la kwanza si atawanyonyesha wenzake?” Mama akajibu, “Atakaa nao hivyohivyo. Mimi nilikuwaga nachunga ng'ombe wenzangu wakisoma. Huyu hachungi.” Tulirudi na sare, kwa ahadi ya kuitunza hadi shangazi atakapoihitaji.

Jumamosi, tarehe 8 Januari 1983, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, Mama aliniachia kazi ya kufua akaenda shambani. “Wakuru, kikombe kimoja cha maji ya majivu kwa ndoo nzima. Nyeupe peke yake, buluu peke yake.” Nilimsikia vizuri. Lakini blauzi ilikuwa imefifia kwa kukaa sandukuni, nami nilitaka ing'ae kuliko za wote. Nikamimina maji yote ya chungu, nikaloweka zote pamoja, nikaenda kucheza. Niliporudi, buluu ilikuwa imeihama sketi na kutapakaa kwenye blauzi kama michubuko. Mama alipotoka shambani aliinyanyua. “Maji nimeyafanya makali,” alisema polepole. “Mkono wangu umekosea.” Nilinyamaza.

Alikwenda Bunda kuomba radhi, kuku kwapani. Shangazi alimpokea kuku, kisha akasema mbele ya majirani, “Ubahili wako, wifi, umekula nguo ya mwanangu.” Mama alirudi akakivunja kile chungu. Niliingia darasa la kwanza Januari 1985, nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa sare ya mitumba, maana kufikia hapo nguo zilikuwa zimeanza kufika sokoni Musoma. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha hadi mwaka 2009, Mama alipofariki akiamini kwamba ndiye aliyenichelewesha.

Leo naishi Bweri, mjini Musoma, katika nyumba niliyoijenga na marehemu mume wangu. Wajukuu humimina sabuni ya unga bila kupima, povu likamwagika hadi barabarani. Wakiona maganda yangu yakikauka juu ya bati, hucheka: “Bibi, sabuni ipo dukani!” Nimetoboa chungu changu mwenyewe. Kila Jumamosi nachota kikombe kimoja kwa ndoo nzima, nyeupe peke yake, buluu peke yake, na sijakosea hata mara moja.