Block, tofali za kuchoma au udongo? Kilichonikuta na msingi wangu wa Kimara

Wakuu, heshima kwenu wote.

Hii habari nimekaa nayo miaka mingi kwa sababu aibu kubwa iliyomo ni ya kwangu. Ila naona humu vijana wanabishana block na interlock, zile tofali za kufungamana, mpaka wanatukanana, nikasema ngoja nami niweke yangu.

Sitaongeza chumvi. Mke wangu anasoma humu, nikidanganya atanijibu hadharani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mie natokea Singida, nilikuwa opereta kwenye kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar. Tulipanga chumba kimoja Manzese, mie, mke wangu Mwanahawa na mtoto wetu wa kwanza. Wa pili alikuwa tumboni.

Kiwanda kikaanza kuyumba. Mitumba imejaa mjini, nani anunue kitambaa chetu? Wakaanza kutupunguza kwa mafungu, na fungu la pili nikawemo. Nikapewa kiinua mgongo changu chote kwa mkupuo.

Mwezi huohuo mwenye nyumba akatuita wapangaji. Nyumba kauza, aliyenunua anataka kuweka maduka. Miezi mitatu tuwe tumeondoka.

Kiwanja nilikuwa nacho, Kimara kwa ndani, nilinunua kwa mzee mmoja wa Kizaramo aliyekuwa anakata shamba lake la mikorosho vipande vipande. Kiwanja kikubwa, upepo mzuri, ila kimelala kwenye mteremko. Mie nilipokiona niliona upepo. Mteremko sikuuona.

Sasa hapo ndipo kuchanganyikiwa kulipoanza.

Mallya, niliyekuwa naye zamu moja kiwandani, alishajenga Kibamba kwa tofali za kuchoma. Akaniambia, "Braza, usimwage hela kwenye saruji. Udongo si unaukanyaga? Fyatua, panga tanuru, choma. Mwezi mmoja una tofali."

Nikarudi nyumbani nimeamua: za kuchoma.

Kesho yake nikampeleka kiwanjani fundi Chande, mtu wa Lindi, fundi anayeheshimika kule Kimara. Akashuka kule chini kwenye mteremko, akachota udongo kiganjani, akaulowesha, akaufinyanga. Ukamomonyoka.

"Huu mchanga, bosi. Ukiuchoma utapata vumbi. Hapa ni block za saruji tu."

Nikarudi nyumbani nimeamua: block.

Mama mkwe, Bi Rukia, mwenyeji wa Magomeni, naye alikuwa na lake. Kwa adabu za kwao alikuwa haongei na mie moja kwa moja. Namwamkia shikamoo, anaitikia, basi. Yaliyobaki yote anamwambia mwanawe, hata kama mie nimekaa palepale.

"Mwambie mumeo, nyumba niliyokuzalia wewe ni ya miti na udongo. Imepigwa ripu, imepakwa chokaa, mpaka leo imesimama. Ajenge hiyo kwanza mjistiri."

Nikamwambia mke wangu amwambie mama nimesikia.

Moyoni nilicheka. Mie mtu wa kiwandani nikae nyumba ya udongo? Na wenzangu nimeshawatangazia: block, vyumba vitatu, sebule, master!

Halafu kulikuwa na ishu ya bei. Vijana hamuwezi kujua. Miaka michache kabla ya hapo mfuko wa saruji ulikuwa unaupata kwa kibali, na kibali unakipata kwa kujuana. Sasa biashara imefunguliwa, maduka yamejaa mabati na nondo za kila aina, tukashangilia. Lakini bei uliyoandika Jumatatu, Ijumaa ukirudi muuzaji anakutazama kama umetoka usingizini. Nilikuwa na daftari la bajeti, nilifuta na kuandika mpaka karatasi ikatoboka.

Nikaona nikichelewa vitazidi kupanda. Nikamwambia fundi Chande aanze.

Wakuu, msingi kwenye mteremko ni kitu kingine kabisa. Upande wa juu safu mbili za mawe zinatosha. Upande wa chini ule ukuta wa msingi ulinifika kifuani. Mawe yanakwenda, mchanga unakwenda, saruji inakwenda, na hapo bado uko ardhini.

Fundi alinionya, sitamsingizia. "Bosi, huku chini msingi utakula nyumba yako. Punguza vyumba, au tusogee kule juu kwenye tambarare."

Nikamwambia fuata ramani.

Msingi ulipokamilika nikafungua daftari, nikajumlisha mara tatu nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Kilichobaki hakikutosha hata ukuta wa chumba kimoja.

Fundi akafunga vifaa vyake, akanipa mkono, akaenda kazi nyingine.

Hapa ndipo penye aibu yenyewe.

Sikumwambia mke wangu. Kwa wiki mbili nzima kila asubuhi nilikuwa navaa nguo za kazi, naaga, nakwenda Kimara, nakaa juu ya msingi mpaka jioni. Nikirudi ananiuliza wamefikia wapi. Namwambia wanaendelea.

Nilikuwa nafikiria nini? Sijui. Kweli sijui. Siku nyingine nawaza niuze kiwanja. Siku nyingine nawaza nifyatue udongo uleule wa vumbi. Siku nyingine sikuwaza kitu, nahesabu mawe tu.

Asubuhi moja nikasikia watu wanakuja kwenye kinjia. Mwanahawa, tumbo mbele, na mama yake kabeba sufuria kubwa kichwani. Wamewaletea mafundi wali na maharage.

Mwanahawa akatazama huku na huku. "Mafundi wako wapi?"

"Wamekwenda kunywa chai."

"Wote? Na koleo wamekwenda nazo kunywea chai?"

Nikageuka kuutazama msingi.

"Hela zimeisha?"

"Zimeisha."

"Lini?"

"Wiki ya pili sasa."

Nilitegemea atalia au atanitukana mbele ya mama yake. Hakufanya hata kimoja. Akakaa taratibu kwenye mawe, akaushika mgongo, akasema, "Wiki mbili unanidanganya, na mie kila siku nakuombea dua usije ukaangukiwa na tofali."

Hayo maneno yaliniingia kuliko tusi lolote.

Kisha akapakua. Tukala watu watatu chakula cha mafundi, juu ya msingi.

Mama mkwe ndiye aliyemaliza kwanza. Akanawa, akapanda hadi kona ya juu ya kiwanja, pale tambarare. Akawa anapima kwa hatua, huku na huku, kanga kaifunga kiunoni. Halafu akapaza sauti.

"Mwanahawa! Mwambie mumeo hapa vinakaa vyumba viwili na uwanja wa kupikia. Mwambie wajomba zako wako Kisarawe, miti na fito watakuja nazo. Yeye anunue misumari, kamba na mabati. Hela za mabati anazo?"

Nilikuwa nazo za mabati.

Wiki iliyofuata wajomba wakafika. Wakachimbia nguzo, wakafunga fito, tukaezeka kwanza ndipo tukaanza kukandika. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuukanyaga udongo. Tambarare ile ilikuwa na udongo mzuri wa kunata, tofauti kabisa na kule chini alikopima fundi. Kiwanja kilekile kimoja! Nilichoka.

Siku moja Mallya akapita kunisalimia. Nimo ndani ya tope mpaka magotini. Nikajua sasa habari itafika kwa wenzetu wote. Akanitazama, akautazama ule msingi kule chini, akaelewa. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kukanyaga na mie.

Tulihama Manzese zikiwa zimebaki siku tano. Mtoto wa pili alizaliwa tukiwa hatujapiga hata ripu.

Tukakaa mle miaka minane. Mie nikawa fundi wa cherehani, mke wangu akauza maandazi, na block tukawa tunafyatua chache chache kila tulipopata saruji. Ndipo tukajenga nyumba tunayokaa mpaka leo, palepale tambarare. Vyumba vitatu. Master haipo.

Lakini msije mkadhani nawaambia udongo ndiyo jibu. Mchwa walikula nguzo mbili, tukabadilisha. Kila masika nilikuwa nakandika upya ukuta wa nyuma. Mke wangu alifagia vumbi miaka minane, na kuna siku alisema bora tungebaki kupanga. Mallya na tofali zake za kuchoma hajawahi kugusa ukuta wake kuukarabati. Nikipiga hesabu za ukarabati nachanganyikiwa upya kama mwanzo.

Ninachokijua ni hiki: mie nilianza kwa kuchagua ukuta na kuwatangazia watu, wakati ardhi yenyewe sijaielewa, na mfuko wangu nimeupima kwa maneno niliyosema kiwandani. Na nilipokwama, nilimficha mtu pekee ambaye angenisaidia kukwamuka. Hela ya msingi ule niliisamehe zamani. Zile wiki mbili bado zinaniuma.

Sasa mtoto wetu huyo wa pili naye kapata kiwanja chake. Juzi kaja: "Baba, block au interlock?" Nikamwambia kamuulize mama yako.

Mama yake akamwambia, "Nitajie ulichonacho mkononi leo, siyo utakachopata. Halafu niambie kama mkeo anajua."

Kijana akatoka nje kumpigia simu mke wake.

Wenye uzoefu wa interlock, karibuni mchangie, maana mzee mwenzenu bado hajui amshauri nini.