Volti Ambazo Sikuzipima

Niliwahi kumwita mama wa watu mwizi kwa sababu ya namba ambayo sikuipima. Nalisema mapema, maana mafundi wastaafu huanza kwa kujisifu, na mimi nikijaribu, mke wangu aliyeko jikoni atacheka mpaka uji umwagike.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga, njia ya Ngaramtoni. Nilitoka karakana moja ya Levolosi nilikokuwa nikisuka upya mota zilizoungua, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na uvivu wa kusafiri. Kazi ile niliipendea jambo moja: saa kumi na nusu niko nyumbani Sekei, miguu juu ya stuli. Fundi Mkuu, Mmeru asiyecheka, alinikabidhi mita akaniuliza kama najua hesabu. Nikamtiririshia: volti gawanya kwa ampia unapata omu, yaani ukinzani, jinsi waya unavyoubania umeme usipite. Volti zidisha kwa ampia unapata wati, yaani nguvu, ambayo kwenye hita ndiyo joto la yai.

"Hizo hata kasuku anazijua," akasema. "Swali ni umezipimia wapi."

Nilidhani ananitania. Alipostaafu nikakalia kiti chake, na utani wake nikauacha mlangoni.

Baadaye Meneja alileta mashine mbili mpya za kutotolesha, zikawekwa chumba cha mwisho kabisa cha eneo. Mtunza stoo, mwanakwaya aliyenizidi umri na ambaye sote tulimwita Mama Stoo, aliniambia umebaki waya wa milimita moja na nusu tu, ni mwembamba kwa umbali ule, niende mjini nikachague mnene. Nikatazama saa. Nikauvuta huohuo, mita mia na ishirini.

Siku ya ishirini na moja, siku ya vifaranga kutoka, trei nyingi zilikuwa kimya. Meneja, mtu aliyeshuku hata kufuli lake mwenyewe, akaniita. Kila mashine ilikuwa na hita moja iliyoandikwa wati 2,400 kwa volti 240. Hita kama hiyo inatakiwa kuvuta ampia kumi, na ukinzani wake ni omu ishirini na nne. Nikaubana waya wake kwa mita: ampia nane. Volti sikupima, nilichukua 240 iliyokuwa kichwani, kwa kuwa swichi kubwa ilisoma hivyo miaka yote. Nikagawanya, omu thelathini. Nikazidisha, wati 1,920. Hita bandia hizi, nikasema. Na bandia zilikuwa zimejaa madukani, kwa hiyo shaka yangu haikuhitaji ngazi. Nani anapokea vifaa? Nani anashika funguo? Na nani juzijuzi ameezeka bati jipya? Hapo nikaona hesabu yangu imekamilika.

Asubuhi kwenye mkutano wa wafanyakazi nilimwamkia Mama Stoo shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikasimama na karatasi yangu nikaeleza kwamba hita halisi zimebadilishwa kabla ya kutoka stoo. Meneja akamuuliza zilipo.

"Ziko kwenye mashine," akajibu. "Alipozifunga huyu fundi mwenyewe."

Watu wakacheka, kile kicheko cha kumhama mtu. Meneja akampa mpaka Jumatatu azirudishe, la sivyo asikanyage tena pale. Mama Stoo akavua funguo shingoni, akaziweka mezani taratibu, akaondoka bila kuniangalia.

Nikaenda mjini mwenyewe kununua hita mpya. Kwa hilo niliweza kusafiri. Nikaifunga: ampia nane. Nikamshuku mwenye duka. Nikaishuku mita, nikaazima nyingine: nane. Nilipokosa wa kumshuku, ndipo nikapima volti palepale kwenye hita, mashine zote mbili zikiwaka. Swichi kubwa ilisoma 240, hita inasoma 192. Gawanya kwa nane: omu ishirini na nne kamili. Hita zilikuwa halali tangu mwanzo. Volti arobaini na nane zilikuwa zinaishia njiani. Ukizigawanya kwa ampia kumi na sita za mashine zote mbili, unapata omu tatu, na hizo omu tatu ni waya wangu mwembamba. Wati zenyewe hazikuwa hata zile 1,920 nilizotangaza. Zilikuwa 1,536. Mayai yalipigwa na baridi kali kuliko nilivyosema, na mwizi alikuwa ni mimi.

Nilipomwambia Meneja, alinitazama kana kwamba nimehongwa, kisha akasema mama arudi. Jumamosi nikapanda mlimani kwake, katikati ya kahawa na migomba, nikamkuta anakamua ng'ombe. Nikamweleza omu kwa omu na kumwomba radhi. Hakuacha kukamua. Aliuliza jambo moja tu, nani atabadilisha ule waya. Nikasema mimi.

Jumatatu alizivaa funguo zake. Tangu siku hiyo hakunipa hata skrubu bila kunisomesha mita kwa sauti mbele yake, mpaka nilipostaafu. Na mpaka leo, tukikutana harusini, wapo wanaomwita Mama Hita. Wakicheka, mimi hutazama sahani yangu.

Ninyi mnaoanza kazi, namba iliyoko kichwani si kipimo. Pima volti pale umeme unapofanya kazi, na kazi ikiwa inafanyika.

Juzi nilimsimulia haya jirani yangu, Mama Glory, ng'ambo ya uzio, nikitegemea anisifu kwa kukiri. Aliacha kuanika nguo, akauliza kama siku ya kuomba radhi wale wafanyakazi walikuwepo. Nikasema hapana. Akasema:

"Baba Upendo, mwizi ulimwita mbele ya watu wote, radhi ukamwomba mbele ya ng'ombe. Hiyo si radhi."